Komeo la Nje

Harufu ndiyo iliyompokea Sajini Sabiti, kabla hajaiona ngome yenyewe. Alikuwa bado anapanda, mkono mmoja kwenye kofia na mwingine ukishika vichaka, upepo ulipogeuka ukamletea uvundo mzito wa nyama iliyolala juani. Alisimama, akatema mate pembeni, akajifunga leso puani. Koplo Gregory wa kituo cha Geita, aliyekuwa nyuma yake, hakujifunga kitu. Alikuwa ameuzoea tangu jana.

"Mmemwacha humo tangu jana?" Sabiti aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna aliyekubali kushuka, afande. Wanasema shimo lile lina wenyewe."

"Na wewe?"

Gregory alijikohoza. "Mimi nililinda huku juu."

Sabiti aliendelea kupanda. Alikuwa askari kanzu wa Shinyanga, mtoto wa fundi cherehani wa Kimanyema, mtu wa mjini anayependa kola iliyopigwa pasi. Kesi alizozizoea zilikuwa za pamba iliyomwagiwa maji ili izidi uzito, na baiskeli zilizofutwa namba. Kiangazi kile cha mwaka 1953 mpelelezi wa Geita alikuwa amelazwa kwa homa, ndipo Sabiti akatumwa kushika nafasi yake, na kazi ya kwanza aliyokabidhiwa ilikuwa hii: mzee mmoja aitwaye Ngassa, mlinzi wa magofu ya kilima cha Nyamhela, amekutwa amekufa ndani ya shimo. Baraza la mtemi ndilo lililomweka Ngassa pale kuzuia watu wasibebe mawe ya ngome kwenda kujengea. Mkewe ndiye aliyemwona, baada ya kufuata tai waliokuwa wakizunguka.

Walipofika juu, ngome ilijitokeza yote kwa mara moja. Ukuta wa nje ulikuwa umebomoka sehemu nyingi, lakini hata hivyo ulimpita mtu mrefu kimo, mawe makubwa ya kijivu yamepangwa bila udongo wala chokaa, yamekaa kama yaliyozaliwa pamoja. Ndani yake palikuwa na uwanja wenye nyasi kavu, kibanda kimoja kipya cha bati kilichoegemezwa ukutani, na mbele zaidi ukuta wa pili, mduara, wenye mlango mmoja mwembamba. Nzi walikuwa wakiingia na kutoka mlangoni humo kama wenye nyumba.

Mtu mmoja aliwangojea hapo amesimama wima, kaptura yake nyeupe, soksi zimevutwa hadi magotini.

"Karibu Nyamhela, Sajini. Mimi ni Mwalimu Marcel."

Gregory aliongeza kwa heshima kwamba Mwalimu alikuwa akifundisha shule zamani, na kwamba sasa ndiye anayeijua historia ya ngome kuliko mtu yeyote. Hata Wazungu wa mgodini wakija na wake zao siku za mapumziko, yeye ndiye anayewatembeza.

"Ulimjua marehemu?" Sabiti aliuliza.

"Sana. Mzee mwema, ila macho yalikuwa yamemwishia. Nilimwambia mara nyingi asisogelee shimo." Marcel aliinua fimbo yake akaonyesha mduara. "Unaelewa umesimama wapi, Sajini? Hapa Mtemi Lusangija aliwazuia Watuta, wale wavamizi wa Kingoni. Walikuja na ngao zao, wakauzunguka mlima mzima. Mashujaa wa Lusangija wakajifungia mle ndani, wakaapa kwamba hakuna atakayetoka. Walipiga ngoma usiku na mchana. Waliisha kwa njaa mmoja mmoja, lakini mlango hawakuufungua, na Watuta hawakuingia. Hii ni ngome isiyowahi kuingiwa na adui. Mifupa yao imo shimoni hadi leo, mamia. Na Ngassa ameanguka juu yao. Kwa mlinzi, hayo si mauti mabaya."

Alizungumza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo hayo mara nyingi na kujua pa kunyamaza. Nzi alimtua mdomoni, akamfukuza kwa mkono bila kukatisha sentensi. Sabiti alimtazama akaona chuki isiyo na sababu ikimpanda. Mwenzio ananuka hatua chache kutoka hapo, nawe unamfanyia utangulizi.

"Nitaingia," alisema. "Ninyi kaeni hapa."

Ndani ya mduara hapakuwa na kitu isipokuwa shimo, pana kama chumba, kina chake kama visima vya zamani vilivyokauka. Pembeni, ukingoni kabisa, palikuwa na katambuga moja, kiatu cha mpira wa gurudumu la gari. Sabiti alichuchumaa akakitazama bila kukigusa. Mikanda yake yote ilikuwa mizima. Fundo la kisigino lilikuwa limefunguliwa. Kilikuwa kimeelekezwa shimoni, sawasawa, kama kiatu kilichovuliwa mbele ya kitanda.

Alishuka kwa kamba aliyoifunga kwenye jiwe. Popo walikuwa wakiishi katika nyufa za shimo, na sakafu yote ilikuwa imefunikwa na mavi yao, tabaka juu ya tabaka, yamekauka juu yakafanya ganda na chini ni tope linalofuka. Mguu wake ulipotua, ganda lilivunjika na miguu ikazama hadi vifundoni. Uvundo wa pale ulikuwa wa aina mbili, wa popo na wa mtu, na zilikuwa zimeungana zikawa kitu cha tatu kisicho na jina. Sabiti alifumba macho kidogo, kisha akafanya kazi yake.

Ngassa alilala chali. Uso ulikuwa umekwisha kuharibika, hakuutazama zaidi ya ilivyolazimu. Alimgeuza. Kisogo kilikuwa kimebonyea, shimo la duara, dogo, kama lililopigwa kwa ncha ya kitu kizito. Chini ya kichwa hapakuwa na jiwe. Palikuwa na mavi ya popo tu, laini kuliko godoro. Mtu hupasuka kichwa akianguka juu ya mwamba, hapasuki juu ya godoro.

Kulikuwa na jambo jingine. Nywele za mzee zilikuwa nyeupe kwa uzee, lakini nyeupe ile ilikuwa imezidi. Masikioni, katika mikunjo ya shingo, hata ndani ya kola ya shati, palikuwa na vumbi jeupe laini kama unga wa muhogo. Shimo zima lilikuwa jeusi. Vumbi lile halikutoka humo. Sabiti alichota kidogo kwa ukucha akalifunga kwenye karatasi ya sigara.

Kisha akawatafuta mashujaa. Mwalimu alisema mamia. Aliona mavi yaliyochimbwa kwa jembe, mitaro mipya iliyopita huku na huku hadi kwenye udongo wa chini, na mifupa michache iliyovunjikavunjika, hakuna hata mmoja wenye urefu wa kutosha kuitwa paja. Mtu alikuwa amelivuna shimo lile kama shamba la viazi. Karibu na ukuta aliokota kitu alichodhani kokoto. Alikifuta kwa kidole. Lilikuwa jino, dogo, jeupe, la mbele. Sabiti alikuwa na watoto watano, na meno ya namna ile alikuwa ameyaona yakirushwa juu ya paa lake mwenyewe. Alilitazama kwa muda, akalitia kwenye kiberiti kitupu, akapanda.

Alipokuwa akitoka katika mduara alisimama mlangoni kupata hewa, mgongo kwenye nguzo ya jiwe. Hapo ndipo mkono wake ulipogusa tundu. Pande zote mbili za mlango, mawe mawili makubwa yalikuwa yamechongwa masikio na kutobolewa ili gogo lipite. Lilikuwa komeo la zamani, matundu yake yamelainika kwa kutumiwa. Alitazama upande alioko, upande wa nje. Akaingia ndani tena akapapasa nguzo kwa mikono yote miwili, juu hadi chini. Ndani hapakuwa na tundu, wala sikio, wala mahali pa kuegemeza hata kijiti. Palikuwa na mikwaruzo tu, mingi, juu ya jiwe lenyewe, na yote ilikuwa chini ya kiuno chake.

Marcel alikuwa bado amesimama na fimbo yake.

"Mwalimu," Sabiti alisema, "mlango huu ulikuwa unafungwa kutoka upande gani?"

"Ndani, bila shaka. Nani hujifungia ngome kwa nje?"

"Ndiyo, nani," alisema Sabiti, akaenda kunawa.

* * *

Gregory hakuwa amekaa bure. Kwa kuulizia kambini ni nani aliyepoteza katambuga moja, jana hiyo hiyo alikuwa amemkamata mwenye kiatu: Januari, mchimbaji aliyekuja kutoka Songwa, alikokuwa akifukuzia almasi, na sasa alikuwa akifukuzia dhahabu katika mashimo ya wachimbaji wadogo chini ya kilima. Walimkuta amefungwa kamba kwenye mti karibu na kambi, miguu mitupu, mdomo umevimba.

"Nani amempiga?" Sabiti aliuliza.

"Alibisha," alisema Gregory.

"Mfungue. Mpe maji."

Januari alikunywa hadi kibuyu kikaisha. Alikuwa kijana mpana wa mabega, mikono imepasukapasuka kwa sululu.

"Uligombana na mzee Ngassa," Sabiti alianza.

"Nani hajagombana naye? Nilitaka mawe matatu ya kuzungushia shimo langu lisibomoke. Alinifukuza kwa mkuki. Nikamtukana, nikaondoka."

"Na kiatu chako kikapanda mlima peke yake."

"Afande, kiatu changu mimi sikukivaa kwenda shimoni. Nilikivua kwa Mwalimu."

Gregory alisogea. Sabiti alimzuia kwa kiganja. "Endelea."

"Kibandani kwa Mwalimu huingii na viatu. Ni mahali pa mashujaa, unavua mlangoni. Niliingia kuchukua unga, Mwalimu akatoka nje kidogo. Nilipotoka nikakuta kimoja tu. Nikadhani mbwa amechukua. Nikarudi nachechemea, wenzangu wakanicheka. Waulize."

"Unga gani?"

Januari alimtazama koplo, kisha akatazama chini. Sabiti aligeuka akamwona Gregory naye akitazama chini.

"Unga gani, Koplo?"

"Ni dawa tu, afande," Gregory alisema polepole. "Unga wa mashujaa. Unachanganya na asali, unalamba kabla ya kushuka shimoni. Mwamba haukuangukii, na dhahabu haikukimbii. Watu wote wa machimbo wanatumia. Hata..."

"Hata wewe."

"Nina mke mgonjwa, afande. Nilitaka nguvu ya kuvumilia."

Sabiti alitoa kile kikaratasi cha sigara mfukoni, akakifungua juu ya kiganja. "Ni huu?"

Wote wawili, askari na mtuhumiwa, waliinama kutazama, na wote wawili wakaitikia kwa kichwa. Januari alimeza mate, na kumeza kule kulikuwa kwa mtu anayeona chakula.

"Ulikiona kiatu pale ukingoni, Koplo?" Sabiti aliuliza. "Katambuga hailegei ikatoka mguuni mtu akikimbia au akisukumana. Ama mkanda unakatika, ama unafungua fundo kwa mkono. Mtu aliyemuua mwenzake, akavua kiatu kimoja kwa utulivu, akakiweka ukingoni, akaondoka peku na kuacha jina lake. Wewe ungefanya hivyo?"

Gregory alitikisa kichwa kukataa.

"Mwachie. Lakini asitoke kambini."

* * *

Mjane wa Ngassa aliitwa Euphrasia. Walimkuta nyumbani kwake chini ya kilima, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, ugoro mdomoni, amezungukwa na wanawake wa jirani. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliyetukanwa.

"Mwadila, mayu," Gregory alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Shikamoo, mama," alisema Sabiti. "Pole sana."

"Marahaba. Mume wangu umemtoa?"

"Tumemtoa. Utampata leo umzike."

Aliitikia kwa kichwa. "Wabeja," alishukuru. Kisha akatema ugoro pembeni na kuwafukuza wale wanawake kwa kidevu. Walipokwisha kuondoka, Sabiti alikaa juu ya jiwe mbele yake.

"Mama, nimeuona mlango wa ule mduara. Komeo lake liko nje."

Euphrasia alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hivyo. Wengine wote huniambia habari za ngoma."

"Mduara ule ulikuwa nini?"

"Zizi. Komeo la nje ni la zizi, mwanangu, hata mtoto anajua. Ng'ombe hajifungii. Mle Lusangija alikuwa akilaza ng'ombe wake."

"Na mashujaa?"

"Mashujaa waliondoka na ng'ombe." Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. "Mama yangu alikuwemo. Alikuwa hajaota hata maziwa. Habari za Watuta zilipokuja, watu wa vijiji vyote walipanda kwa Mtemi wao awafiche. Yeye akaona kwamba akitoroka na ng'ombe, Watuta wataona mlima umenyamaza, watamfuata. Basi akatoa ng'ombe, akaingiza watu. Wanawake, na watoto, na wazee. Akawaachia ngoma, akawaambia pigeni, tunakuja na msaada kwa nyuma. Kisha wanaume wake wakaweka gogo. Akashuka upande wa ziwa na mifugo yake yote na bunduki zake zote."

"Wakapiga ngoma."

"Wangefanya nini? Walidhani ni kweli. Walipiga hadi maji yakaisha. Lile shimo lilikuwa la kuhifadhia nafaka, lakini chini yake palikuwa na unyevu kidogo, wakawashusha watoto humo walambe udongo. Waliokuwa juu walikufa, wakawa hawana wa kuwapandisha walio chini. Mama yangu alikuwa mwembamba kama fito, alipenya kwenye mfereji wa mkojo wa ng'ombe akajificha nje, kwenye mawe. Aliwaona Watuta walipokuja, ngoma ilipokwisha kunyamaza. Walitoa gogo, wakafungua, wakachungulia. Hawakuingia. Hilo Marcel hasemi uongo. Mama alisema waligeuza nyuso, mmoja wao akatapika, wakaondoka. Adui yao alikuwa na haya kuliko mtemi wao."

Sabiti alikuwa ameshika kile kiberiti mfukoni. Hakukitoa.

"Ngassa aliyajua haya?"

"Nilimwambia siku aliyonioa. Ndiyo maana aliomba kazi ya kulinda. Hakulinda mawe, alilinda wale. Alipoanza kuona shimo linachimbuliwa akadhani ni fisi. Kisha akamwona Marcel anatoka na gunia. Alikwenda kibandani kwake kumwambia arudishe watoto walikokuwa, la sivyo Jumapili atasimama mnadani mbele ya wachimbaji wote awaeleze wanalamba nini. Aliniaga, akachukua mkuki wake. Mkuki huo mmeuona?"

"Hatukuuona."

"Basi mtauona kwa Marcel," alisema mjane, akatia ugoro mwingine mdomoni.

* * *

Kibanda cha bati kilikuwa na kufuli, na Mwalimu Marcel alikuwa na ufunguo, na hakuona sababu ya kuficha. Alifungua mwenyewe. Aliwaomba wavue viatu. Sabiti aliingia na viatu vyake, mavi ya popo yakiwa bado kwenye soli.

Ndani palikuwa safi kupita kiasi. Palikuwa na meza yenye kitambaa, mtungi wa asali, rafu ya pakiti ndogondogo za karatasi zilizokunjwa kwa ustadi kama za daktari. Katikati palikuwa na kinu cha chuma, cha aina ile wachimbaji wanayotumia kutwangia mawe ya dhahabu, na mchi wake wa chuma umesimama ndani. Juu ya kila kitu, hata ndani ya mwanga uliopenya dirishani, palikuwa na vumbi jeupe.

"Hapa unatwanga nini, Mwalimu?"

"Mawe. Nami pia ni mchimbaji kidogo. Mawe meupe yenye dhahabu hutoa vumbi la namna hii."

Sabiti aliokota jiwe jeupe lililokuwa limewekwa karibu na mlango, jiwe kubwa, zuri, lisilo na alama ya kugongwa. Aliligonga kwa kitako cha bunduki ya Gregory hadi likamomonyoka, akakusanya vumbi lake juu ya kisosi cha chai. Kwenye kisosi kingine aliweka vumbi la kutoka kwenye kinu. Kisha akawasha njiti.

Vumbi la jiwe lilimetameta tu, likabaki lilivyo. La kinuni liligeuka kahawia, likafuka moshi, na kibanda kizima kikajaa harufu ya kwato na nywele zinazoungua.

Gregory alitoka nje. Walimsikia akitapika ukutani, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kurudisha hata yale ya mwaka jana.

"Mawe yako yananuka, Mwalimu," alisema Sabiti.

Aliuvuta mchi. Ncha yake ilikuwa ya duara, ndogo. Aliupima kwa dole gumba na kidole cha kati, akakumbuka kisogo cha mzee: ilikuwa ndiyo hiyo. Chini ya meza palikuwa na magunia mawili ya katani. Alilifungua la kwanza. Mifupa ilikuwa imepangwa kwa ukubwa, kwa uangalifu, na ukubwa wenyewe ulikuwa mdogo. Juu kabisa palikuwa na taya, si kubwa kuliko kiatu cha mtoto, na chini ya meno yaliyotokeza yalionekana mengine, yamelala ndani ya mfupa yakingoja zamu. Nyuma ya magunia ulilazwa mkuki.

Marcel alikuwa amekaa kitini. Hakuonekana mtu aliyeshtuka. Alionekana mtu aliyekatizwa.

"Ulijua ni watoto," alisema Sabiti.

"Kila mtu aliyeshika taya lile angejua."

"Ukawaambia watu ni mashujaa."

"Nikawaambia watu wanachohitaji, Sajini. Wewe hushuki kwenye mashimo yale. Mtu anashuka kwa kamba iliyooza, gizani, mwamba unalia juu yake. Nimwambie nini? Kwamba babu zake walifungiwa kama ng'ombe, wakafa wakilamba udongo? Nani angeshuka? Mimi nimewapa ngome isiyotekwa. Nimempa Lusangija heshima, nimewapa watu wake heshima. Wale walikuwa wamekufa bure. Kwangu wamefaa."

"Na Ngassa naye alikufaa?"

Mwalimu alirekebisha soksi yake. "Alikataa kusikia. Nilimwomba akae, nikamwekea chai. Akageuka kwenda mlangoni, anasema Jumapili, Jumapili. Sikukusudia. Mchi ulikuwa mkononi."

"Ukamtupa shimoni, na baadaye kiatu cha Januari kikawa mlangoni."

"Kilikuwa mlangoni," Marcel alikubali, kwa sauti ya mwalimu anayekubali jibu la mwanafunzi.

Sabiti alimtia pingu. Katika kazi yake yote alikuwa amewafunga wezi, walevi walioua, na mwanamke mmoja aliyemlisha mwenzake sumu, na kila mmoja alikuwa na lake lililomfanya amwone kuwa ni mtu. Ndani ya huyu alimtafuta mtu, akamkosa.

Aliposhuka naye, wachimbaji walikuwa wamekwisha kukusanyika kwenye lori la polisi chini ya kilima, mamia, vumbi la machimbo usoni. Habari zilikuwa zimetangulia nusu. Walitaka kujua kwa nini Mwalimu amefungwa. Sabiti alipanda kwenye bodi ya lori. Hakuwa msemaji, lakini aliona kwamba Ngassa alikuwa anadai Jumapili yake, naye angempa leo. Akawaeleza yote: zizi, gogo, ngoma, shimo, kinu. Aliwaonyesha lile taya. Alisema kwa maneno mepesi ili asimwachie mtu mahali pa kujificha.

Mtu mmoja alivua kofia. Wawili watatu walijifuta midomo kwa migongo ya mikono, wakaendelea kuifuta. Sabiti alifikiri: angalau wamesikia.

Kisha mzee mmoja wa mbele, mwenye macho mekundu kwa vumbi, aliinua mkono kwa adabu.

"Afande, mifupa iliyobaki kwenye magunia mtaipeleka wapi?"

"Mahakamani. Baadaye itazikwa."

"Yote?"

"Yote."

Mzee aliwatazama wenzake. Kulikuwa na mnong'ono, ukazunguka, ukarudi mbele, na aliyeusema safari hii alikuwa kijana, na aliuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kujua bei ya chumvi.

"Kwa hiyo unga ni wa watoto. Si ndio huwa na nguvu zaidi?"

Hakuna aliyemkemea. Watu walikuwa wakingoja jibu. Pembeni, ndani ya lori, Mwalimu Marcel aliinamisha uso, na Sabiti aliona mashavu yake yakijikunja kwa tabasamu.

Aliwatazama askari wawili waliokuja na lori kulinda vielelezo. Mmoja wao macho yake yalikuwa tayari kwenye gunia. Sabiti aliwaamuru washuke, wakae mbele na dereva. Aliyavuta magunia yote mawili hadi kwenye kona ya lori, akakaa juu ya sanduku mbele yake, bunduki ya Gregory mapajani, mgongo kwa Mwalimu na uso kwa umati, akamgongea dereva bati aondoke.